Maji ya Yubile Yawe ya Wenyewe

Hotuba ya fundi wa maji mbele ya waamini na wageni



Halmashauri ya parokia imeniomba niseme machache juu ya ukumbusho wa yubile yetu. Mmekwisha kuchagua kuleta maji safi kutoka chemchemi ya mlimani, na uchaguzi huo ni mwema. Lakini neno moja halijakatwa bado: maji hayo yatafika wapi kwanza, na nani atakayeyatunza wageni wetu wakisha kurudi kwao?

Tujue kwanza nguvu ya chemchemi. Hupimwa mwisho wa kiangazi, kwani wakati wa mvua kila chemchemi huonekana tajiri. Tunaweka bidoni ya lita 20 na kutazama saa. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa lita 43 200 kwa siku. Tukihesabu lita 20 kwa kila mtu, zinatosha watu 2 160. Lakini watoto wanazaliwa. Kijiji kinachoongezeka kwa watu 3 kwa mia kila mwaka huwa mara mbili kwa miaka 24 hivi. Basi, chemchemi ya namna hiyo tuipangie watu elfu moja wa leo, si elfu mbili. Tena lazima tangi la kukusanya maji ya usiku, yangojee wachotaji wa asubuhi.

Maji hayo hushuka yenyewe bila mashini. Pahali mteremko ni mkubwa mno, tunajenga visanduku vya kupunguza nguvu yake, ili matiyo yasipasuke. Hiyo ni hesabu ya fundi. Lakini fundi hajui mtaro utapita katika shamba la nani, wala ni njia gani wamama wanaogopa kuipita alfajiri. Hayo wanayajua wenyeji. Inafaa waulizwe kabla ya matiyo kununuliwa.

Nchi ya Malawi imetupa somo kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mhandisi Lindsay Robertson na wafanyakazi wa serikali walianza huko kuleta maji ya milimani vijijini. Serikali ilitoa matiyo na mafundi; wenyeji walichimba mitaro kwa mikono yao na kuweka komite zao. Mikutano ilitangulia majembe. Katika miaka ya 1970 na 1980 kazi hiyo ilienea, hata watu mamia ya maelfu wakapata maji. Lakini tusikie pia sehemu ya pili ya somo. Miaka ilipopita, watu waliongezeka, misitu juu ya vyanzo vingine ikakatwa, komite nyingine zikalegea, na robine nyingi zikakauka. Kumbe kuchimba pamoja ni mwanzo tu. Kutunza pamoja ndiyo kazi yenyewe.

Nasi tunaijua kazi ya pamoja iliyolazimishwa. Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Zaire: wengi walitoka kwa kuogopa, na mtu hatunzi kazi aliyoifanya kwa kuogopa. Komite ya maji isiwe salongo ya pili.

Kwa hiyo naweka mbele yenu maombi manne.

Kwanza, robine ya kwanza isiwe katika uwanja wa misioni. Najua wengi wanaitaka hapa, maana hapa wageni wataiona. Lakini wanaobeba bidoni mgongoni kwa mwendo mrefu wako kule vilimani. Shule na kituo cha afya vipate maji pamoja na vijiji, si mbele yao.

Pili, wamama wachague pahali pa kila robine, na nusu ya komite iwe wao.

Tatu, kila jamaa itoe mchango mdogo wa mwezi, tangu kabla ya maji kufika. Robine huharibika kwa sababu ya mpira mdogo wa bei ndogo. Pasipo feza ya kuununua, maji humwagika bure na tangi hukauka. Hesabu isomwe mbele ya watu wote. Na fukara asiye na kitu atoe siku ya kazi, asinyimwe maji.

Nne, tupatane na mwenye shamba lililo juu ya chemchemi, mbele ya chifu na kwa maandishi, asipoteze haki yake. Pale tupande miti ya asili, wala si mikaratusi inayokunywa maji mengi. Vyoo na mifugo vikae mbali, upande wa chini.

Nanyi wageni wapendwa mnaotusaidia, nawaomba msituharakishe. Mkileta matiyo wakati wenyeji hawajapatana, mmetupa matiyo, hamjatupa maji. Tungojeeni miezi michache ya mikutano. Miezi hiyo ni sehemu ya kazi, kama simenti na mchanga.

Ndugu zangu, mkutano wa kwanza uitishwe katika kila shirika kabla ya kiangazi, ili chemchemi ikipimwa, wenyewe wawepo na kuhesabu sekunde pamoja nasi.

Yubile njema kwa wote.