Mbwa Alisikia, Sisi Hatukusikia

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mambo matatu yaliyo katika kila mtaa wa Nairobi: mvua, mbwa na simu. Huenda mkauliza, je, mambo hayo yana fundisho gani? Sikilizeni, basi.

Nairobi ni mji wa maji. Jina lake lenyewe limetoka katika lugha ya Kimaasai, nalo lahusu maji ya baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 ilikuta mahali penye kinamasi, na mji ukajengwa papo hapo. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong yapita katikati ya makao yetu. Kwa hiyo mvua ya masika inapokuja, tangu Machi hadi Mei, maji huitafuta tena njia yake ya zamani. Sisi wenyeji twalijua jambo hili, lakini kila mwaka twashangaa kana kwamba ni geni.

Mwaka 2024 hatukushangaa tu, bali tulilia. Mvua ya masika ile pamoja na mafuriko yake ilichukua maisha ya watu zaidi ya 200 katika nchi yetu. Huko Mathare maji yaliingia nyumbani mwa watu na kuzoa mali yao. Huko Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili, maji na matope yaliwashukia watu wakiwa wamelala.

Usiku mmoja wa mwezi ule wa Aprili mvua ilinyesha kwa nguvu, na stima ikapotea mtaani kwetu kote. Sisi tulijiona tuna heri. Nyumba yetu imeinuka kidogo, milango ilikuwa imefungwa, chai ilikuwa tayari ndani ya chupa, na simu zetu zilikuwa na chaji ya kutosha. Wazazi kwa watoto, kila mmoja aliinamia simu yake. Tukatazama picha za mafuriko. Tukaandika "poleni" na "twawaombea" kwa watu wa mitaa ya mbali, wengine ambao hatujapata kuwaona kwa macho. Tukamtumia pesa kwa simu ndugu yetu mmoja aliyeharibikiwa na vitu vyake, jambo ambalo sisi Wakenya tumelizoea tangu mwaka 2007. Twasema kweli, tulijisikia tumetenda mema.

Yapata saa nne za usiku mbwa wetu, Simba, akaanza kubweka. Simba si mbwa wa fahari. Ni mbwa koko, na sikio lake moja limekatika ncha. Alikwenda kwenye ukuta wa nyuma akabweka, akakimbilia mlangoni, kisha akarudi tena ukutani. Tukafungua dirisha na kumkemea, "Simba, nyamaza!" Akabweka tena. Tukamkemea mara ya pili. Mara ya tatu mmoja wetu alitoka na mwavuli, akamburuta mpaka bandani na kumfunga mnyororo. Akalia kwa kitambo, kisha akanyamaza. Nasi tukajifunika blanketi tukalala.

Asubuhi mvua ilipopusa tulisikia sauti za watu nyuma ya ukuta. Huko nyuma, mahali palipoinama, anakaa mama mmoja mzee tunayemwita Nyanya, pamoja na mjukuu wake mdogo wa shule. Tukazunguka kwenda kuona. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani likichuruzika maji. Unga ulikuwa umegeuka uji ndani ya pakiti. Vitabu vya mtoto vilikuwa vimegandamana, havifunguki.

Ndipo tulipopata habari. Maji yaliingia mle chumbani mpaka yakafika magotini. Takataka zikausonga mlango kwa nje, ukakataa kufunguka. Nyanya akampandisha mtoto juu ya meza, naye mwenyewe akasimama ndani ya maji mpaka karibu na alfajiri. Alikuwa na simu, ile ndogo ya mulika mwizi, lakini ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Basi akachukua sufuria na mwiko, akawa anagonga na kuita. Kwetu mvua ilikuwa inanguruma juu ya mabati, hatukusikia kitu. Simba alisikia.

Mmoja wetu akauliza kwa haya, "Nyanya, mbona hukutuita?"

Akatutazama, kisha akasema polepole, "Niliita, wanangu. Hata mbwa wenu aliniitikia. Kisha na yeye akanyamaza, nikajua mmelala."

Wapendwa, hatukuwa na la kujibu. Sauti pekee iliyomjibu mama yule usiku ule, sisi ndio tuliokwenda kuifunga mnyororo.

Wenye elimu ya wanyama watuambia kwamba sikio la mbwa hushinda letu mbali. Mwanadamu husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde, lakini mbwa hufikia kama 45,000. Basi si ajabu kwamba Simba alisikia. Ajabu ni kwamba hatukujiuliza alikuwa akisikia nini. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, twasoma habari za Balaamu na punda wake. Mnyama aliona jambo ambalo bwana wake hakuliona, naye akapigwa mara tatu kwa sababu hiyo. Tulikuwa tumeisoma habari hiyo tangu Shule ya Jumapili, tukimcheka Balaamu. Siku ile hatukucheka.

Je, twasema kwamba simu ni mbaya? La, hasha. Pesa zile tulizotuma zilifika, na ndugu yetu alinunua chakula. Ila wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Simu ni fimbo ndefu sana. Yafika Kisumu, yafika Mombasa, yafika ng'ambo ya bahari. Lakini mle ndani ya ukuta wa pili haikufika, maana hatukuwa hata na nambari ya Nyanya. Tulikuwa tumekaa naye jirani kwa miaka sita.

Basi tulifanya nini? Kwanza tulimwomba radhi, naye akatusamehe kabla hatujamaliza kusema. Tukaanika godoro, tukamnunulia mtoto vitabu vingine. Kisha tukaita fundi akatoboa ukuta na kuweka mlango mdogo. Kila jioni mjukuu hupita hapo akileta ile mulika mwizi ipate chaji kwetu. Na Jumamosi twatoka na majembe pamoja na majirani kuzibua mtaro. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini chupa tunazozitoa mtaroni ni nyingi, na tukisema kweli, nyingine ni zetu. Takataka zilizousonga mlango wa Nyanya hazikushuka kutoka mbinguni.

Ndugu msikilizaji, nawe unaye jirani nyuma ya ukuta. Je, wamjua jina? Wajua ni nani analala peke yake, nani ni mgonjwa, nani hana njia ya kuita? Kabla mvua nyingine haijaja, nenda ukabishe hodi. Usingoje mpaka yeye ndiye abishe kwa sufuria.

Na mbwa wako akibweka usiku, usimkemee upesi. Chukua tochi, utoke, uangalie. Mara nyingi utakuta ni paka tu, nawe utarudi kitandani umelowa bure. Sisi tumelowa bure mara nyingi tangu usiku ule, wala hatujuti.

Na tuombe. Ee Mungu wetu, utusamehe kwa usiku ule tuliolala. Utupe masikio ya kusikia walio karibu, na miguu ya kuwaendea. Amina.

Kwaherini, wapendwa, mpaka tutakapokutana tena.