TIMU YA WAVU YA WASICHANA INAPOANZA MSIMU

Ninyi mlio katika madarasa ya watu wazima, fungueni karatasi zenu za somo, mfuate kwa kidole maneno ninayoyasema. Na wewe usiye na darasa, uliyeketi nyumbani kwako Kawajense, au Makanyagio, au mahali po pote pa Mpanda, jongea karibu na redio. Leo hatuzungumzi habari za mbolea wala za maji ya kuchemsha. Leo ni habari za mchezo. Mchezo wenyewe ni mpira wa wavu, na wachezaji wenyewe ni wasichana wa chuo.

Labda utasema, "Mchezo ni jambo la watoto. Mimi mtu mzima, unanihusu nini?" Ngoja kidogo. Tuseme binti yako, au mdogo wako, au hata mke wako, amepata nafasi katika chuo. Chaweza kuwa chuo cha ualimu, cha uuguzi, cha ufundi, au chuo cha maendeleo ya wananchi kama kile cha Msaginya. Jumamosi moja anakuja nyumbani, anasalimu, anakula, kisha anasema, "Baba, nimechaguliwa katika timu ya wavu. Msimu unaanza." Nawe unafahamu mara moja kwamba maneno hayo yana maneno mengine nyuma yake. Kuna viatu. Kuna nauli. Kuna jioni nyingi ambazo hatakuwapo shambani wala jikoni. Na kuna jirani atakayeuliza kwa nini msichana mkubwa anaruka-ruka mbele ya watu. Basi, kabla hujajibu ndiyo au la, ni vizuri uujue mchezo huu, na ujue timu inayoanza yaweza kutumaini nini.

Neno wavu unalijua. Wavuvi wa Karema na Ikola hutega nyavu zao katika Ziwa Tanganyika kupata samaki. Wavu wa mchezo hautegi kitu. Umetundikwa juu kati ya nguzo mbili, nao unagawanya uwanja katikati. Upande huu watu sita, upande ule watu sita, na mpira hupita juu yake. Aliyeutunga mchezo huu ni mwalimu Mmarekani, William Morgan, katika mji wa Holyoke, mwaka 1895. Alitaka mchezo wa watu wazima waliochoka na kazi za mchana, wasiopenda kugongana na kuumizana. Ukumbuke jambo hilo, maana ndilo linalofanya mchezo huu uwafae watu wengi: adui yako yuko ng'ambo ya wavu, hakugusi wala humgusi.

Sasa shika kalamu. Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Kwa hiyo kila timu ina nusu yake ya mita 9 kwa mita 9. Zidisha 9 kwa 9. Umepata ngapi? Naam, 81. Hizo ni mita za mraba 81, nazo zinalindwa na wasichana sita. Gawanya 81 kwa 6. Jibu ni 13 na nusu. Maana yake kila msichana analinda eneo kama la chumba kimoja cha kulala, na mpira usiguse sakafu ya chumba chake. Hebu tazama chumba chako mwenyewe, uone kama wewe ungeweza.

Kila upande unaruhusiwa kuugusa mpira mara tatu tu kabla ya kuurudisha, na mtu mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo, ila yule aliyeruka kuuzuia juu ya wavu. Mguso wa kwanza ni wa kupokea. Mguso wa pili ni wa kuinua mpira karibu na wavu. Mguso wa tatu ni wa kupiga chini kwa nguvu. Watazamaji hushangilia mguso wa tatu. Mimi nakuambia, ukienda kutazama timu mpya, usimtazame apigaye. Mtazame yule wa katikati, anayeinua. Vijana humwita seta. Yeye hukimbilia kila mpira mbaya aliopewa na mwenzake, akaufanya mpira mzuri wa kumpa mwenzake mwingine, na jina lake halitajwi sana. Chuo chenye mpigaji hodari na seta dhaifu kitashindwa. Chuo chenye seta hodari na wapigaji wa kawaida kitasumbua watu.

Baadhi yenu mliosoma shule za zamani mlijifunza kwamba timu hupata pointi ikiwa yenyewe ndiyo iliyoanzisha mpira, na kwamba seti huishia 15. Kanuni hiyo ilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi kila mpira unaokufa ni pointi ya mtu. Seti huishia 25, lakini ni lazima mshindi awe mbele kwa pointi 2. Anayeshinda seti 3 ameshinda mchezo. Wakifungana seti 2 kwa 2, seti ya tano huishia 15.

Badiliko hili ni kubwa kwa timu inayoanza, na hapa nataka tukae kidogo. Zamani msichana akianzisha mpira ukashindwa kuvuka wavu, timu yake ilipoteza zamu tu. Leo inapoteza pointi. Tuseme katika seti moja wasichana wetu wameharibu mipira 7 ya kuanzisha. Toa 7 katika 25. Inabaki 18. Basi wageni walikuja kutafuta pointi 25, nasi tumewapa 7 bila jasho, wakabakiwa na kutafuta 18. Hakuna mpigaji awezaye kulipa deni hilo kila siku. Kwa hiyo, ukiniuliza mwezi wa kwanza timu itumaini nini, sitasema kombe. Nitasema mipira ya kuanzisha ivuke wavu. Ivuke tu, hata polepole. Kazi hiyo haihitaji urefu wala umri. Msichana anaweza kuifanya peke yake nyuma ya bweni, mipira 50 kila jioni, akihesabu iliyovuka na iliyokufa, na kuandika hesabu yake katika daftari.

Tena kuna kanuni ya kuzunguka. Kila timu inapojipatia zamu ya kuanzisha, wachezaji huhama nafasi moja, kama mshale wa saa unavyokwenda. Aliyekuwa mbele leo, punde atakuwa nyuma. Kwa hiyo huwezi kumficha mchezaji dhaifu pembeni, kama wafanyavyo watu katika kandanda. Wageni watamwona na kumpigia yeye kila mpira. Tangu mwaka 1998 ameongezwa mchezaji mmoja wa kulinda nyuma tu, aitwaye libero, avaaye fulana ya rangi tofauti. Huyu aweza kuwa mfupi kabisa. Basi ikiwa binti yako ni mfupi, usimcheke alipokuambia amechaguliwa.

Sasa, je, wanawake wa Afrika ya Mashariki wamefika wapi katika mchezo huu? Majirani zetu wa Kenya wamefika mbali. Timu yao ya taifa ya wanawake huitwa Malkia Strikers. Ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1991, na hadi ilipoishinda Misri mwaka 2023 huko Yaoundé, ilikuwa imeuchukua mara 10. Imecheza Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Athens mwaka 2004, Tokyo na Paris. Na wasichana hao hawakutoka mbinguni. Baadhi yao walitoka katika shule za bara, kama shule ya Kwanthanze huko Machakos, wakaingia katika timu za kazini: za magereza, za benki, za kampuni ya bomba la mafuta. Yaani wengi walipata kazi na mshahara kwa mkono uleule uliopiga mpira.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, Wakenya walicheza michezo 5, wakashindwa yote. Paris mwaka 2024 walipambana na Brazil, Poland na Japani, wakashindwa yote 3, wala hawakupata seti hata moja. Je, kwa hiyo walikuwa timu mbaya? La. Mwaka 2022, katika ubingwa wa dunia, waliifunga Kameruni seti 3 kwa 0. Timu moja yaweza kuwa kubwa katika nyumba moja na ndogo katika nyumba nyingine. Binti yako akirudi amefungwa mara mbili mwanzoni mwa msimu, kwanza uulize amefungwa na nani.

Japani nayo tuiseme kidogo, maana habari yake inawahusu wafanya kazi. Mwaka 1964, mpira wa wavu ulipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, wanawake wa Japani waliifunga Urusi ya Kisovieti seti 3 kwa 0, wakapata dhahabu. Wengi katika timu ile walikuwa wa kiwanda kimoja cha nguo, cha kampuni ya Nichibo huko Kaizuka. Walifanya kazi mchana, kisha wakafanya mazoezi mpaka usiku wa manane. Mwalimu wao, Hirobumi Daimatsu, alikuwa mkali mno. Watu wengi humsifu kwa sababu ya dhahabu ile. Mimi ukali wake siutaki katika chuo cho chote cha kwetu. Ila lipo jambo moja alilowafundisha la kuiga: jinsi ya kuanguka. Waliufuata mpira chini, wakabingirika begani, wakasimama mara moja bila kuumia. Uwanja wetu wa Mpanda ni wa udongo, si wa mbao. Kiangazi ni mgumu kama tofali, na masika ni utelezi. Basi msichana afundishwe kuanguka kabla ya kufundishwa kuruka.

Tumefika kwa masika. Msimu wa timu na msimu wa shamba hugombana. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na mwenye tumbaku anajua kwamba miezi hiyo mikono haitoshi. Mashindano ya shule za sekondari, yale ya UMISSETA, mara nyingi huwa katikati ya mwaka, na mazoezi yake huanza mvua zingali zikinyesha. Vyuo navyo vina ratiba zao. Sikuambii uache tumbaku iungue juani kwa ajili ya mpira. Nakuambia umwulize binti ratiba mapema, siku gani na saa ngapi, mkaiandike ukutani. Mzazi mwenye ratiba ukutani anajua mtoto yuko wapi saa kumi na moja jioni. Asiye nayo hukisia, na makisio ndiyo yaletayo ugomvi. Na mashindano yakiwa mbali, huenda safari ikawa ya treni, kupitia Kaliua mpaka Tabora. Hapo uulize nani mwalimu wa kike anayefuatana nao, na wanalala wapi. Kuuliza hivyo si ukaidi. Chuo kizuri kitakujibu.

Liko pia jambo la watoto. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya uzazi kurudi shuleni, na vyuo vya maendeleo ya wananchi navyo huwapokea kina mama vijana. Kwa hiyo usishangae ukiona mchezaji wa wavu ana mtoto wa miaka miwili. Timu hiyo ina haja ya kitu kisichoandikwa katika kanuni za mchezo: mtu wa kumshika mtoto kwa saa moja na nusu. Bibi mmoja aliyeketi kivulini na watoto watatu ana kazi katika timu ile kama seta.

Kuhusu mavazi, yule jirani yako umjibu hivi: mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, msichana wa Misri, Doaa Elghobashy, alicheza mpira wa wavu wa ufukweni katika Olimpiki akiwa amejifunika kichwa na kuvaa suruali ndefu. Dunia nzima ilimwona. Suala la nguo lina majibu mengi, na hakuna haja ya kumtoa msichana uwanjani kwa sababu yake.

Mwisho ni vifaa. Mpira wa wavu una uzito wa gramu 260 hadi 280. Mpira wa kandanda una gramu 410 na zaidi. Msiwape wasichana mpira wa kandanda wajifunzie kupokea, kwa maana mikono itavimba, na wiki ya pili watabaki wanne. Afadhali mpira mmoja wa kweli, mkauchangia. Wavu wenyewe mnaweza kuusuka kwa kamba, matundu ya sentimita 10, upana mita 1, urefu mita 9 na nusu. Kwa wanawake, ukingo wa juu uwe mita 2 na sentimita 24 kutoka ardhini. Kwa wanaume ni mita 2 na sentimita 43. Andika tarakimu hizo mbili, kisha toa ndogo katika kubwa.

Kazi ya wiki hii ni hii. Chukueni kamba, mpige fundo kila mita moja, mpaka mafundo 18. Nendeni mahali penye tambarare, mpime uwanja, mchore mistari kwa majivu. Mwalimu wa darasa atakagua pembe kama zimenyooka, na wasichana wa chuo wakiwa likizoni wataonyesha ninyi mlikosea wapi. Juma lijalo, saa hii hii, tutajifunza kusoma jedwali la matokeo ya mashindano. Kwaherini.