Luninga ya Ukumbini na Watoto Wetu

(Maneno ya mama mmoja, mjumbe wa kamati ya parokia, katika semina ya malezi)



Baba Paroko, wajumbe wa kamati, wafadhili wetu mliotutembelea, wazazi wenzangu,

Nimeombwa niseme machache kuhusu luninga ya ukumbi wetu, ile wanayoangalia watoto wa Utoto Mtakatifu kila Jumamosi baada ya mafundisho. Najua wapo wanaotaka iuzwe. Miezi miwili iliyopita ningekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mwanangu wa miaka sita aliangalia pale katuni moja ya Kiingereza. Kuna mzee anayechechemea, na watoto wanamfuata nyuma wakiigiza mwendo wake. Mwishoni wanamwomba radhi, wanakumbatiana, muziki unapigwa. Katuni yenye maadili. Mimi mwenyewe niliikubali. Jumatatu yake mwanangu na wenzake wawili walimfuata binti wa jirani, mwenye ulemavu wa mguu, wakichechemea nyuma yake hadi bombani. Binti yule akaacha kuja ukumbini. Nilipokwenda kuomba msamaha, mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Dada, haya wamejifunzia wapi?" Niliona aibu, maana jibu lilikuwa ukumbini kwetu.

Nilimwuliza mwanangu katuni ile ilifundisha nini. Akasema, "Yule babu anatembea hivi," akainuka kunionyesha. Habari ya kuomba radhi hakuikumbuka kabisa. Angeikumbukaje? Dhihaka ilichukua karibu kipindi kizima, radhi ikachukua dakika mbili, tena kwa Kiingereza asichokijua.

Wala si watoto wetu tu. Mwaka 2008, huko Marekani, watafiti Marie-Louise Mares na Emily Acosta walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea walioonyeshwa kipindi cha katuni ya mbwa Clifford. Humo mbwa mwenye miguu mitatu anaogopwa na wenzake, kisha wanampokea. Nia ilikuwa kufundisha kuwapokea watu walio tofauti nasi. Watoto wachache tu walilipata somo hilo. Wengine walidhani wamefundishwa kuwa wema kwa mbwa wa miguu mitatu! Na hao walikuwa wakiifahamu lugha. Baadaye watafiti hao waliingiza ndani ya kipindi maelezo mafupi ya wazi, na watoto wakaelewa vizuri zaidi.

Hapo ndipo nilipobadili mawazo. Jumamosi ile sisi akina mama tulikuwa nje tukipika uji, katekista amekwenda kigangoni. Hakuna mtu mzima aliyekaa na watoto akawaambia neno. (Matangazo ya soda yanayofuata mara baada ya kipindi cha kula matunda sitayagusa leo, Baba Paroko amenipa dakika tano.)

Naomba basi kamati ipange wazazi wawili kila Jumamosi, na mmoja awe baba, kwa sababu sote tunajua zamu za namna hii huishia kwa nani. Tutangulize vipindi vya Kiswahili, kama Ubongo Kids, vilivyoanza kurushwa mwaka 2014 na vilitokea hapa hapa Tanzania. Hata hivyo, mtu akae.

Kwenu wafadhili, siombi fedha. Katika fomu zenu mnatuuliza watoto wangapi wametumia kifaa, nasi tunajaza namba kubwa kwa furaha. Ongezeni mstari mmoja: nani alikaa nao?

Jumamosi iliyopita nilikaa mimi. Walipoanza kumcheka mnyama mmoja mnene, nilizima sauti nikauliza, "Huyu sasa anajisikiaje?" Wakanyamaza. Mwanangu akatazama chini, kisha akauliza kama yule dada wa bombani bado amekasirika.

Bado hajarudi ukumbini. Mama yake amesema atafikiri. Ijumaa nitapita tena kwao, safari hii pamoja na mwanangu.