Gari la Umeme na Jenereta ya Chama



Nimeulizwa kama chama kisichofikiwa na umeme chaweza kununua gari la umeme na kulichaji kwa jenereta ndogo. Chaweza, lakini tupige hesabu kwanza, kwani fedha ni za wanachama. Jenereta ya kilowati 2 hujaza betri ya kilowati-saa 60 kwa saa 30 na zaidi. Lita moja ya petroli hutoa kilowati-saa 2 au 3 hivi, na gari hutumia zipatazo 18 kwa kilomita 100. Hizo ni lita 6 hadi 9, kiasi ambacho gari dogo la petroli lingetumia lenyewe! Tena chaja nyingi hugoma ikiwa jenereta haikuunganishwa na ardhi ipasavyo. Kwa dharura inafaa. Kwa kazi ya kila siku, katibu asiiandike katika makisio.