Watoto wa Zamu ya Usiku

 

Kwa kuwa tumekutana Portland, nitaongelea jambo lililotokea papa hapa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale Swan Island, kiwanda cha Henry Kaiser kiliunda meli usiku na mchana. Wanaume wengi walikuwa wameitwa jeshini, wakaajiriwa wanawake kwa maelfu. Aliyekuwa muuza duka au mama wa nyumbani akajifunza kuchomelea vyuma. Wanawake weusi nao walikuja kutoka majimbo ya kusini, ingawa chama cha mafundi kiliwatenga weusi.

Ile picha maarufu ya mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani na kukunja mkono mnaifahamu. Haituonyeshi mwanawe kamwacha kwa nani.

Mwaka 1943 Kaiser alifungua vituo viwili vya kulelea watoto, kimoja karibu na lango la kiwanda cha Swan Island na kingine karibu na lango la kiwanda chake kingine cha meli. Walipokewa watoto wa miezi 18 hadi miaka sita, na milango haikufungwa usiku. Walimu walikuwa wamesomea kazi hiyo, na wauguzi walikuwepo. Mama akitoka zamu aliweza kununua chakula kilichokwisha kupikwa, akamchukua mwanawe, akaenda kupumzika. Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na serikali, maana ilizitaka meli.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, vituo vikafungwa mwaka huohuo. Vingine nchini vilivyoendeshwa kwa fedha za serikali kuu vilikatiwa fedha hizo mwaka 1946. Wanawake waliambiwa warudi nyumbani. Wengi wa weusi wakarudi kufanya usafi katika nyumba za watu. Sheria ya malipo sawa kwa kazi sawa ilikuja mwaka 1963.

Husemwa kwamba vita ndivyo vilivyomfungulia mlango mwanamke wa Marekani. Naona uwezo alikuwa nao siku zote, ila kwa miaka ile michache alipata wa kumshikia mtoto, na hilo ndilo alilonyang'anywa kwanza.

Humu ukumbini wamo dada zetu wanaokesha wakihudumia wazee na wagonjwa, na wengine kwenye maghala. Watoto wao wanalala leo kwa jirani, kesho kwa shangazi. Kamati mpya ya jumuiya yetu, nawaomba: kabla ya kupanga sherehe ya mwaka, tukae tuamue ni nani atawalea watoto hao usiku, wapi, na atalipwaje.