Bwana Kipchoge Keino na Vijana wa Eldoret



Katika Oktoba 1968, huko Mexico, waganga walimkataza Bwana Kipchoge Keino kushindana, kwa sababu ya vijiwe katika nyongo. Maumivu yalikwisha kumwangusha katika mbio za mita 10,000. Hakuwatii. Siku ya mita 1,500 gari lilikwama katika msongamano, naye akashuka akaenda mbio hata kiwanjani. Mwenziwe, Bwana Ben Jipcho, alitangulia kwa kasi ili kumchosha Mmarekani Jim Ryun, akaipoteza nafasi yake mwenyewe. Jambo hili husahauliwa upesi, wala si haki. Keino alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9.

Mwaka 1972, huko Munich, alipata dhahabu ya pili. Baadaye yeye na mkewe, Bibi Phyllis, waliwapokea mayatima nyumbani kwao Eldoret, wakawalea pamoja na watoto wao wenyewe. Shule ya msingi ilifunguliwa mwaka 1999, ya sekondari mwaka 2009. Wakimbiaji vijana nao wakajengewa kituo cha mazoezi.

Mwaka 2016, alipotunukiwa heshima kuu huko Rio de Janeiro, aliwaombea vijana chakula, makao na elimu.