Askari Walio Ndani ya Uvimbe wa Pua

Ukiwa huko Mau Narok, vuta kiti karibu na jiko, maana baridi ya huko inajulikana. Leo tutazungumza juu ya saratani ya pua, na juu ya askari wa mwili wanaoingia ndani ya uvimbe kupigana nao.

Kwanza nikutoe hofu. Saratani hii si ugonjwa wa kila siku. Katika nyanda za juu mafua ni mengi, na pua ikiziba, mara nyingi ni mafua tu au vumbi la shamba. Mafua huziba pua zote mbili, kisha huisha. Sasa sikiliza dalili za kukufanya uende hospitali. Tundu moja la pua limeziba kwa zaidi ya wiki tatu. Kamasi yenye damu inatoka upande uleule kila mara. Shavu linavimba au linakufa ganzi. Meno ya juu yanalegea bila sababu. Jicho linatokeza nje, au mtu anaona vitu viwili viwili. Uvimbe unatokea shingoni. Ukiona moja ya haya kwa mzee wako, kwa mume wako au kwako mwenyewe, usiendelee kununua dawa ya mafua dukani.

Je, akiwa ni mtoto mdogo? Kamasi yenye harufu mbaya ikitoka tundu moja tu, mara nyingi mtoto ameingiza kitu puani: harage, punje ya mahindi, shanga au kipande cha sponji. Usichokoe kwa kijiti wala pini, utakisukuma ndani zaidi. Mpeleke dispensari. Kama ni betri ndogo ya saa au ya kichezeo, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa huunguza nyama ya pua kwa muda mfupi.

Turudi kwa mtu mzima. Daktari wa masikio, pua na koo akitilia shaka uvimbe, atataka picha, kisha atachukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe huo. Hapa ndipo familia nyingi hurudi nyuma. Utasikia watu wakisema kisu huamsha saratani. Mama, kipande hicho huchukuliwa kwa dawa ya ganzi au ya usingizi, na ndiyo njia ya kujua kwa hakika ni ugonjwa gani. Anayekataa hazuii saratani. Anaipa muda wa kukua, na jicho na ubongo ni majirani wa karibu wa pua.

Kipande kile hupelekwa maabara. Hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi, na mtaalamu hukitazama kwa darubini. Anaangalia chembe za saratani ni za aina gani. Lakini kuna kingine anachoweza kuona, nacho ni zile chembe nyeupe za damu, askari wa mwili wako. Ni askari haohao wanaopigana na homa na vidonda. Saratani ikianza, baadhi yao huitambua kuwa adui, hutoka kwenye mishipa ya damu na kuingia katikati ya uvimbe. Wapo hasa wale ambao kazi yao ni kuua chembe zilizoharibika.

Watafiti wamehesabu askari hawa katika saratani za pua na za mianzi iliyo pembeni yake. Wameona kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao umejaa askari wauaji huelekea kuishi muda mrefu zaidi kuliko wale ambao askari wao ni wachache, au wamebaki nje ya uvimbe kama wageni waliofungiwa mlango. Ndiyo maana wataalamu wanasema chembe hizi zinaweza kusaidia kubashiri mwendo wa ugonjwa.

Jambo hili lina historia hata hapa Kenya. Ipo saratani nyingine, ya nyuma kabisa ya pua, juu ya koo. Tangu mwaka 1921 wataalamu wa Ulaya walieleza kwamba aina moja ya uvimbe huo hujaa chembe nyeupe. Miaka ya 1960, daktari mpasuaji Peter Clifford, aliyefanya kazi Nairobi, aliwachunguza Wakenya wenye saratani hiyo. Alitazama kinga yao ya mwili, na pia moshi wa kuni katika nyumba za nyanda za juu. Leo tunajua kwamba virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa wagonjwa kutoka Uganda, vina mkono mkubwa katika saratani hiyo.

Sasa utaniuliza: kama askari wamejaa, mbona uvimbe bado unakua? Ni kwa sababu saratani ni janja. Hutoa ishara za kuwalaza askari usingizi. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua namna ya kuwaamsha. Dawa zilizotokana na kazi yao zipo, lakini ni ghali, na hazimfai kila mgonjwa.

Kwa hiyo mgonjwa wako akikuuliza, "Nitapona?", usimpe jibu la kukata tamaa wala la kumdanganya. Hesabu ya askari ni dokezo, si hukumu. Ukubwa wa uvimbe, aina yake, mahali ulipofika na upesi wa matibabu bado ndivyo vinavyotangulia. Upasuaji na mionzi ndiyo matibabu makubwa. Wala usimruhusu mtu akuuzie unga au majani kwa madai kwamba yatajaza askari ndani ya uvimbe. Hakuna chakula kilichothibitishwa kufanya hivyo. Mpe mgonjwa chakula cha kumtia nguvu: maziwa, mayai, viazi, maharagwe na mboga. Kama anatumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, asiache hata siku moja, maana zinalinda askari hao.

Na kinga je? Vumbi la mbao ni hatari. Miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona kwamba mafundi wa samani wa mji wa High Wycombe walikuwa wakipata saratani ya pua kuliko watu wengine. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha ugonjwa huo. Kama mume au kijana wako anapasua mbao Elburgon, Molo au Njoro, mhimize avae barakoa nzito, si leso tu, na anyunyize maji kabla ya kufagia. Sigara pia iachwe. Nawe jikoni, fungua dirisha au weka dohani, moshi upate njia.

Wiki hii fanya jambo moja. Waulize watu wazima wa nyumbani: "Kuna mwenye pua iliyoziba upande mmoja kwa muda mrefu?" Akiwepo, mwongoze hadi kituo cha afya, na uombe barua ya kumpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali kuu ya Nakuru. Akiambiwa kipande kitachukuliwa, mshike mkono.